Kitanzini, Saa Sita Mchana
(Mhadhara uliotolewa Iringa mbele ya vijana wanaotembeza wageni na wazee wa mji)

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, asanteni kwa kuja na baridi hii. Jioni ya Julai hapa kwetu kila mtu anatamani kukaa karibu na jiko la mkaa.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayetembeza wageni alinisimamisha sokoni. Akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini sisi hatuna mizuka? Wageni wakitoka Zanzibar wanakuja na hadithi za kusisimua mwili. Hapa tunawaonyesha mawe, wanapiga picha, wanaondoka." Hakuwa anatania. Aliuliza kwa uchungu wa mtu anayeona mji wake unadharauliwa. Nilimwahidi jibu, na jibu limekuwa refu, ndiyo maana nimewaita.

Nianzie Unguja, maana huko nilifundisha miaka sita, nikapanga chumba ghorofani ndani ya Mji Mkongwe. Usiku wa kwanza sikulala. Nilisikia mtu anatembea darini, pole pole, na kandambili. Baadaye nilijifunza nyumba zile zimejengwaje. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono wa mtu mzima ulionyooshwa. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba. Matumbawe hunyonya unyevu, chumvi inatoka nje, lipu inabanduka. Chembe zikidondoka juu ya mbao usiku wa manane, wewe unasikia nyayo.

Mwenye nyumba wangu hakunieleza habari za boriti. Alikuwa bibi wa makamo, mcheshi, na kila Alhamisi jioni alipita chumba hadi chumba na chetezo cha ubani. Nilimuuliza anamfukizia nani. Akasema, "Wenyewe." Akaendelea na kazi yake. Ndani ya neno hilo moja mna heshima kubwa: sisi tumepanga, wapo wenye nyumba.

Pale Shangani kuna jengo linaitwa Mambo Msiige, la katikati ya karne ya 19, ambalo siku hizi ni sehemu ya hoteli kubwa. Wenyeji husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai, na kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai ndani ya kuta. Hayo ni masimulizi, na mimi nayachukua kama masimulizi. Lakini jiulizeni kwa nini watu wa mji ule waliona ni jambo la kusadikika. Mji ambao soko lake la watu lilifungwa Juni 1873 tu, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alibanwa na Waingereza akausaini, hauhitaji kubuni ukatili. Ukatili ulikuwa sokoni, saa za kazi, watu wakipita.

Penyewe pale sokoni, Mkunazini, wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa, na inasimuliwa kwamba altare imewekwa mahali palipokuwa na mti wa kuchapia viboko. Jirani yake wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini vyenye dari fupi, wanaambiwa hapa ndipo watumwa walipofungiwa. Jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Nawaambieni hili kwa kuwa mwongozaji lazima ajue. Nimeona watu wazima wakitoka mle wakilia, na machozi yao hayakuwa ya uongo, maana waliowalilia walikuwepo, hatua chache kutoka pale. Anayetaka chumba kilichochimbwa kweli kwa ajili ya kuficha watu, aende Mangapwani, kaskazini mwa mji, ambako biashara iliendelea kwa siri baada ya kupigwa marufuku.

Sasa kuna hadithi nyingine ya Unguja na Pemba ambayo mnaijua na mnaipenda: Popobawa. Mwaka 1995 ilizuka Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walisema kuna kiumbe anaingia usiku, anawadhalilisha waliolala, na anataka usimulie yaliyokupata, la sivyo atarudi. Familia nzima nzima zililala nje uwanjani, moto umewashwa, watu wamebanana. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mingi, na hofu za kila aina zilikuwa hewani. Mkiwasimulia wageni, huwa mnaishia kwenye mabawa. Mimi naomba mfike mwisho wake. Katika hofu ile, kundi la watu mjini Unguja lilimuua mtu. Alikuwa mgonjwa wa akili aliyetoka huku bara kutafuta matibabu. Walimwona mgeni, anazungumza ovyo, wakasema ndiye.

Alikuwa ndugu wa mtu. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Kutoka pwani hadi huku kuna mtu mmoja wa kutuvusha. Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa Pangani mwaka 1888 akiwa mtumishi wa kampuni ya Kijerumani. Aliingia msikitini watu wakiwa kwenye ibada, akapandisha bendera ya kampuni kwa nguvu, na vurugu za Pangani zikawasha vita vya pwani nzima, vile vya Bushiri. Miaka mitatu baadaye Nyundo huyo huyo, sasa akiwa kamanda wa jeshi, aliongoza kikosi kuja Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, njiani tu mnakopita mkielekea Morogoro, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walimvizia na kumuua, na karibu kikosi chake chote kikaisha. Mnara wa Wajerumani upo pale. Askari weusi na wapagazi waliokufa naye ni mamia, na wengi walitoka mbali sana na hapa. Wazee wa upande ule husema usiku wa Lugalo unasikia watu wanaomba maji kwa lugha zisizojulikana. Mimi sijawasikia. Ila nikipita pale huwa namwaza mpagazi yule aliyebebeshwa mzigo wa mtu mwingine akafia nchi asiyoijua jina. Nani alimsubiri nyumbani, na alisubiri miaka mingapi?

Hapa ndipo tofauti yetu na pwani inapoonekana. Pwani wana majini, pepo, vibwengo. Jini ana asili yake. Anaweza kutoka baharini, anaweza kutoka Uarabuni, anaweza kukupanda bila kukujua. Ni mgeni, na habari za mgeni husimulika barazani mbele ya yeyote. Kwetu ni mizimu. Kihehe tunasema masoka. Hao hawatoki popote, ni babu na bibi zetu. Mzimu una ukoo, una jina, una wajukuu wanaouza nyanya sokoni sasa hivi. Kwa hiyo kijana wangu aliposema hatuna mizuka, nilimwelewa. Tunao wafu wengi katika kila pembe ya mji huu, ila hakuna anayemsimulia mgeni habari za babu yake kama anavyosimulia jini la watu.

Kalenga mmekwenda wote. Kwenye makumbusho, ndani ya kioo, lipo fuvu. Mkisimama karibu mtaona tundu la risasi. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na Wajerumani wakamkata kichwa wakakipeleka. Mwili ukabaki Mlambalasi. Kwa mawazo ya Kihehe, na mimi ni wa hapa, mtu aliyezikwa nusu hajazikwa. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba wa kumaliza vita ya dunia nzima, una kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Halikurudi. Mwaka 1953 Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati ya hayo yametoka Afrika Mashariki. Yakalinganishwa vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na katika yaliyokaribiana moja lilikuwa na tundu la risasi. Ndilo lililoletwa mwaka 1954 na kupokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Wapo watafiti wanaohoji kama kweli ndilo. Mimi hainisumbui sana. Kinachonikosesha usingizi ni yale 83. Kila moja lilikuwa na mama.

Gangilonga nitapita haraka, maana mnaijua kuliko mimi. Jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikwenda pale kutafakari, na jiwe likampa habari kwamba Wajerumani wanakuja. Mgeni akiuliza kama jiwe huongea, mjibuni kweli: linatoa sauti. Mawe haya makubwa ya kwetu hupata moto mchana kutwa, usiku yanapoa ghafla, na ngozi ya juu hubanduka kwa vipande. Upepo ukiingia kwenye nyufa, unavuma. Kaeni pale mwezi huu jua likishazama. Kujua sababu ya sauti hakumzuii mtu mwenye nchi ya kulinda kusikia ujumbe ndani yake.

Nafika Kitanzini.

Leo tunalitaja jina hilo tukipanda daladala, tukienda kununua mitumba. Kitanzi ni kitanzi. Ndipo wazee wetu wanaposema Wajerumani waliwanyongea Wahehe katika miaka ile ya kumsaka Mkwawa. Zilikuwa nyakati ambazo hata kushirikiana nao hakukumwokoa mtu: Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walimsimika wao wenyewe Desemba 1896, na mwaka uliofuata wakamuua kwa tuhuma kwamba anamsaidia ndugu yake.

Nilikuwa na miaka kama saba. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anakuja mjini na kikapu cha njegere, nami namfuata nyuma. Tulifika Kitanzini jua la utosi, saa sita, saa ambayo mtoto wa kwetu anakatazwa kusimama njia panda. Yeye akasimama. Akatua kikapu chini, akafungua pindo la khanga alimofundika hela, midomo ikawa inachezacheza. Nikajua anahesabu. Kisha akafunga pindo, akainua kikapu, tukaenda. Kila safari hivyo hivyo. Pindo, midomo, kikapu. Hela hazikutoka hata siku moja.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mwalimu tayari, yeye kitandani, miguu imevimba. Nikamwambia, bibi, ulikuwa unahesabu nini pale? Akakaa kimya muda mrefu. Akanitajia jina. Ni kaka wa babu yake. Silitaji hapa kwa sababu ni la ukoo na sijaruhusiwa. Akasema, "Mwili hatukupewa. Basi nikipita namwamkia. Pindo nafungua ili watu wadhani nahesabu hela." Nikamuuliza kama anaogopa kupita pale mchana. Akaniangalia kama ambaye sijasoma shule. "Nimwogope babu yangu?"

Vijana wangu, wapo wanaotaka kuweka matembezi ya usiku Kitanzini, mtu kajifunga shuka jeupe, kajificha nyuma ya ukuta, awarukie wageni. Nimeambiwa mpango upo. Nawaomba kwa mikono miwili msifanye. Si kwamba mizimu itawadhuru. Ni kwamba katika wale wanaouza vitumbua pale asubuhi, mmoja anaweza kuwa amefundika jina kwenye pindo la khanga yake.

Na jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Hofu isiyo na jina hutafuta mwili wa kuvaa. Huko Unguja ilimvaa mgonjwa wa watu. Kwetu nyanda za juu inawavaa bibi zetu wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni katika majiko yasiyo na dirisha, kwa sababu ya baridi hii hii. Mnajua yaliyowapata watoto wa Njombe mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, waliouawa kwa imani za kishirikina. Kwa hiyo mnapomsimulia mgeni habari za kutisha, kuweni waangalifu na sentensi zenu. Hadithi inayomtaja aliyekufa na namna alivyouawa ni ya kusimuliwa. Hadithi inayoacha watu wakitazamana usoni kumtafuta mchawi, ifungieni mdomoni.

Mgeni mpelekeni Kitanzini mchana kweupe. Mwelezeni jina linatoka wapi. Mnyamaze kidogo, dakika moja tu, muone. Mimi nimefanya hivyo na wanafunzi wangu kwa miaka, na hata wale watukutu huwa wanashusha mabegi chini wenyewe.

Yule kijana wa sokoni, nilimuuliza ukoo wake siku ile ile. Aliponitajia, nikamwambia aende kijijini kwa babu yake kabla hajaenda kutafuta mizuka kwingine. Juzi amenipigia simu. Babu amemtajia watu wanne wa ukoo wao waliochukuliwa na Wajerumani, wawili hayajulikani yaliko makaburi yao. Yupo na wa tano. Jina lake mzee amelisahau, ila anakumbuka alichoambiwa utotoni, kwamba alikuwa mrefu kuliko wote, na alikuwa anaimba vizuri.