Kijana Akisema Havuti, Tumwamini?

Walimu, wazazi na wauguzi wa Mbeya, asanteni kwa kufika. Swali mnaloniuliza tangu asubuhi ni hili: ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili kama anavuta sigara, atasema kweli? Mara nyingi atasema kweli. Ila inategemea anayeuliza ni nani, na karatasi itaishia mikononi mwa nani.

Ndiyo maana utafiti wa kimataifa wa tumbaku kwa vijana, ulioanzishwa mwaka 1999 na Shirika la Afya Duniani pamoja na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, huwafuata wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 darasani, wakajaza dodoso wenyewe bila jina. Muulize kijana huyohuyo sebuleni huku baba yake anasikia, mara havuti kabisa. Akiuliza mwalimu wa nidhamu, anajibu akiwaza viboko.

Wapo wanaosema basi tupime mate. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku, ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa kotinini. Kotinini ndiyo inayotafutwa kwenye mate, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 16 hadi 20 hivi. Aliyevuta pafu mbili Jumamosi, Ijumaa inayofuata kipimo hakimwoni. Dodoso linauliza siku 30 zilizopita; yeye ataandika ndiyo, kipimo kitasema hapana, na mkweli ni yeye.

Kwetu huku kuna zito zaidi, naomba mnisikilize. Chunya wanalima tumbaku. Mtoto akichuma majani yenye umande, nikotini humpenya ngozini. Wengine hurudi nyumbani na kizunguzungu, wanatapika. Mate ya mtoto huyo yataonyesha kotinini hata kama hajawahi kushika sigara. Tutamwita mwongo? Jamani, huyo ameumizwa na tumbaku akiwa kazini, na bado tunataka kumshtaki! Dodoso la huku lazima liulize kuhusu shamba na mabani ya kukaushia. Liulize na ugoro kwa jina lake, maana anayenusa ugoro, akiulizwa sigara tu, atajibu hapana kwa haki kabisa.

Basi mtakapofanya zoezi hili shuleni, mwalimu wa darasa atoke nje. Kila mwanafunzi aifunge karatasi yake mwenyewe kwenye bahasha. Na majibu yakishasomwa, asiitwe mtoto yeyote ofisini kwa alichoandika.