Ndama Aliyekatwa Vipande Viwili

MWALIMU: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Karibuni tena. Mimi ni yule mwalimu wenu wa shule ya Jumapili, na niko na baba Mchungaji. Leo tumo katika Agano la Kale, ila hatuendi Sinai. Mchungaji ameniambia nifungue Yeremia 34, na nakiri kwamba miaka yote ya wokovu wangu sijawahi kusikia mahubiri ya sura hiyo.

MCHUNGAJI: Milele amina. Hata mimi nilikuwa naipita haraka, Mwalimu. Nilikuwa natoka sura ya 31, ile ya agano jipya, ambayo kila mhubiri anaipenda, halafu naruka. Sura ya 34 ni chungu. Lakini huwezi kujua utamu wa ile ya 31 mpaka umeimeza hii.

MWALIMU: Basi tuwekee mazingira.

MCHUNGAJI: Yerusalemu imezingirwa. Mfalme ni Sedekia, na nje ya kuta wapo Wakaldayo, jeshi la Nebukadreza wa Babeli. Miji yenye ngome katika Yuda imekwisha kuanguka. Aya ya 7 inasema iliyobaki ni miwili tu, Lakishi na Azeka. Na hapa nikuambie jambo linalonisisimua. Mwaka 1935, waliokuwa wakichimba magofu ya Lakishi walikuta kwenye chumba cha langoni vigae vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino. Ni barua za kijeshi za siku zile zile. Katika mojawapo mwandishi anasema wanaangalia ishara za moto za Lakishi, kwa sababu ya Azeka hawaioni.

MWALIMU: Azeka haionekani.

MCHUNGAJI: Haionekani. Mtu amesimama usiku anatazama mlimani pale ambapo moto huwaka, na ni giza. Mimi nikisoma aya ya 7 sasa, naisoma polepole. Hofu ya watu hawa ilikuwa hofu ya kweli. Ndani ya hofu hiyo, Sedekia akawakusanya watu wakafanya agano: kila mwenye mtumwa Mwebrania, mume au mke, amwache huru.

MWALIMU: Niulize swali la darasani. Waebrania kuwa na watumwa Waebrania, ilikuwaje? Si hawa ndio waliotolewa Misri?

MCHUNGAJI: Deni, Mwalimu. Mvua imekosekana, mtu amekopa mbegu, ameshindwa kulipa, anajiuza yeye au anamtoa mtoto wake. Torati iliweka mpaka. Kumbukumbu la Torati 15: atatumika miaka sita, wa saba anaondoka huru. Tena usimwache aende mikono mitupu, umpe katika kondoo wako, katika nafaka yako, katika divai yako. Na sababu imetajwa pale pale: kumbuka nawe ulikuwa mtumwa Misri. Sasa Yeremia anasema baba zao hawakusikiliza. Kwa hiyo Sedekia hakuleta neno geni, alikuwa analipa deni la zamani.

MWALIMU: Na walikubali.

MCHUNGAJI: Wote, wakuu na watu. Na hawakukubali kwa maneno tu. Walikwenda katika nyumba ya Bwana, wakamchukua ndama, wakamkata vipande viwili, wakapita katikati ya vile vipande.

MWALIMU: Tukae hapo kidogo. Wasikilizaji wetu wa umri wangu walisikia kwa babu zao habari za kuchanjiana. Watu wawili wasio wa tumbo moja wanachanjwa chale, wanaonja damu, na tangu hapo ni ndugu. Ukimsaliti ndugu wa kuchanjiana, ile damu inakudai.

MCHUNGAJI: Umefika penyewe. Kwa Kiebrania agano halifanywi tu, linakatwa. Ndiyo kauli yao: kukata agano. Na maana ya kupita katikati ilijulikana nchi zote za jirani. Kuna mawe ya mkataba yaliyopatikana Sefire, karibu na Halab kule Shamu, ya karne ya 8 kabla ya Kristo. Yameandikwa kwamba kama ndama huyu anavyokatwa, ndivyo akatwe mfalme atakayevunja mkataba. Kwa hiyo ukipita kati ya nyama umejilaani mwenyewe. Umesema: nikigeuka, niwe hivi.

MWALIMU: Halafu wakageuka.

MCHUNGAJI: Halafu Farao akatoa jeshi lake Misri. Iko sura ya 37. Wakaldayo waliposikia, wakaondoka Yerusalemu. Fikiria asubuhi ile. Mtu anapanda ukutani, anatazama, hakuna mahema. Watu wanalia kwa furaha. Na wakisha kufuta machozi wanakumbuka: nani atateka maji? Nani atasaga? Wakawafuata wale waliowaacha huru, wakawarudisha utumwani.

MWALIMU: Wiki hii nimemfikiria sana mmoja wao. Biblia haimtaji kwa jina, lakini aya ya 16 inasema watumwa waume kwa wake, waliokuwa wameachwa waende walikotaka. Walikotaka! Labda alikuwa amekwisha kumwona mama yake. Labda alikuwa anajifunza upya kulala mpaka jua litoke. Akabishiwa hodi mlangoni, na anayebisha ni yule yule aliyeapa hekaluni.

MCHUNGAJI: Na Mungu anasemaje? Anasema mmelitia unajisi jina langu. Sikiliza vizuri hapo. Aliyedhulumiwa ni mjakazi, lakini Bwana anasema aliyeguswa ni yeye. Kisha anachukua neno lao wenyewe, uhuru. Hamkutangaza uhuru? Basi nami nawatangazia ninyi uhuru, kwa upanga, kwa tauni na kwa njaa. Na kuhusu yule ndama anawakumbusha waliopita pale, wakuu na makuhani wakiwamo, kwamba mizoga yao itakuwa chakula cha ndege wa angani. Wakaldayo wakarudi. Mwaka 586 kabla ya Kristo mji ukaanguka, hekalu likachomwa.

MWALIMU: Mchungaji, nina jambo la kusema, na ni zito kwangu. Mama yangu alipopooza upande mmoja, aliyemgeuza kitandani alikuwa binti anayetusaidia kazi pale nyumbani. Mimi nilikuwa nashinda shuleni. Yeye alimlisha, alimfulia, alikesha naye. Usiku mmoja hali ilikuwa mbaya sana. Nilimshika mkono yule binti mbele ya kitanda, nikasema, mbele za Mungu, mama akiinuka nitakusomesha ushonaji na nitakununulia cherehani uanze maisha yako.

MCHUNGAJI: Na mama akainuka.

MWALIMU: Aliinuka. Tulitoa sadaka ya shukrani kanisani, nilisimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda. Miaka miwili imepita. Binti bado anasaga unga kwangu, wala hajanikumbusha hata siku moja. Niliposoma Jumatatu kwamba jeshi liliondoka na wao wakabadili nia, nilifunga Biblia. Sikuweza kuendelea.

MCHUNGAJI: Asante kwa kusema, mama. Nadhani wengi wanaotusikiliza wamenyamaza hapo walipo. Tunaweka nadhiri wodini, tunaweka nadhiri mahakamani, tunaweka nadhiri mvua ikikatika. Yuda haikuvunja agano ilipokuwa na shida. Ililivunja ilipopata nafuu.

MWALIMU: Sasa nipe habari njema, maana nimebaki na huyo ndama na hao ndege.

MCHUNGAJI: Turudi nyuma, Mwanzo 15. Abramu anamuuliza Mungu, nitajuaje kwamba nitairithi nchi? Mungu anamwambia alete ndama wa miaka mitatu, mbuzi wa miaka mitatu, kondoo dume wa miaka mitatu, hua na mwana wa njiwa. Wanyama anawakata vipande viwili, anavielekezanisha. Ndege walao nyama wanashuka, Abramu anawafukuza.

MWALIMU: Ndege tena.

MCHUNGAJI: Ndege wale wale wa Yeremia, ila hapa wanafukuzwa. Jua linakuchwa, usingizi mzito unamshika Abramu pamoja na giza la kutisha. Kisha tanuri ya moshi na mwenge wa moto vinapita kati ya vipande. Sasa niambie, Mwalimu, Abramu alipita?

MWALIMU: Hakupita. Alikuwa amelala.

MCHUNGAJI: Hakupita! Aliyepita ni Mungu peke yake. Laana ile yote aliibeba yeye: nikigeuka, niwe hivi. Na alikuwa anajua ukoo wa Abramu utafanya nini, pamoja na ule wa Sedekia, pamoja na sisi tuliokuja baadaye tukapandikizwa kama matawi ya mzeituni mwitu. Mimi ndivyo ninavyousoma msalaba. Aliyekatwa ni yule aliyelitunza agano, badala yetu tulioligeuka. Usiku ule wa mwisho mezani Yesu alichukua kikombe akasema ni agano jipya katika damu yake. Luka 22.

MWALIMU: Lakini hapo ndipo wengine wanapopumzika. Wanasema amelipa, yamekwisha, na binti anaendelea kusaga.

MCHUNGAJI: Ndiyo maana nakataa kuisoma 31 bila 34. Agano jipya la Yeremia linasema sheria itaandikwa moyoni. Haisemi itafutwa. Sheria ipi? Pamoja na hii ya kumwacha huru mtumwa na kutomtoa mikono mitupu. Mtu asiniambie amekunywa kikombe kile huku mshahara wa mtu uko mfukoni mwake. Na tazama aya ya 34 ya ile sura ya 31: wote watanijua, tangu aliye mdogo hata aliye mkubwa. Aliye mdogo ni nani Yerusalemu ile?

MWALIMU: Ni yule mjakazi aliyebishiwa hodi.

MCHUNGAJI: Yeye anatajwa kwanza.

MWALIMU: Nilimwita jana jioni. Mama yangu alikuwepo, ameketi kwenye mkeka. Nilimwomba msamaha. Nikamuuliza cherehani anataka ipi, ya miguu au ya mkono. Alinyamaza muda mrefu, mikono ina unga. Kisha akasema, mama, mimi nilidhani umesahau.

MCHUNGAJI: Ukamjibu nini?

MWALIMU: Nilimwambia sikusahau. Na ndivyo ilivyo, Mchungaji, sikuwahi kusahau. Jumamosi tunakwenda wote wawili kumwandikisha kwa fundi.

MCHUNGAJI: Basi tuombe. Leo uanze wewe.