Dawa za Picha na Oksijeni ya Ubongo: Kila Moja Inajibu Swali Gani?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wote mliofika jioni hii, ninawashukuru kwa kuja.

Ubongo wa mtu mzima una uzito upatao asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili uliotulia unaitumia, wala hauna ghala la maana la kuiwekea akiba. Ndiyo maana daktari wa kiharusi, wa saratani ya ubongo na wa selimundu, wote watatu, hutamani kujua jambo lile lile: katika kipande hiki cha ubongo, saa hii, oksijeni inatosha au haitoshi? Taabu ni kwamba oksijeni ya kawaida iliyomo ndani ya ubongo haipigiki picha. Inatubidi tutafute kitu kingine kinachokutana nayo, kisha tukipige picha hicho. Nitakiita dawa ya picha, kwa kuwa ndilo jina walilolizoea wagonjwa wetu, ingawa hakitibu chochote. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba kila dawa ya picha ina swali lake, na kwamba tunapotea tunapochukua jibu la swali moja tukalibandika kwenye swali jingine.

Nianze na oksijeni iliyofanywa kuwa na mionzi, yaani oksijeni-15. Hutengenezwa kwa siklotroni, mashine ya kutengenezea vitu vyenye mionzi, na nusu-uhai wake, yaani muda ambao nusu yake hupotea, ni sekunde 122, kwa hiyo zikipita dakika 10 inakuwa imebaki kama sehemu moja ya thelathini. Fluorini-18, elementi nyingine yenye mionzi, ambayo nusu-uhai wake ni kama dakika 110, yaweza kupakiwa kwenye ndege Nairobi, ambako siklotroni ipo, ikashushwa mji mwingine ikiwa bado ina nguvu ya kufanyia kazi. Oksijeni-15 haina muda hata wa kusubiri foleni ya getini. Kwa sababu hiyo kazi hii ilikulia mahali ambapo siklotroni na kitanda cha mgonjwa vimo katika hospitali moja, kama Hammersmith ya London, ambako siklotroni ya tiba ilifunguliwa mwaka 1955, na ambako Richard Frackowiak, Terry Jones na wenzao walichapisha njia yao ya upimaji mwaka 1980.

Katika utaratibu uliozoeleka, mgonjwa hupewa vitu vitatu kwa zamu: oksijeni yenye mionzi ya kuvuta, maji yenye mionzi yanayoonyesha kasi ya damu, na kiasi kidogo sana cha kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania himoglobini, yaani kibeba-oksijeni cha damu, na hivyo kuonyesha ni damu kiasi gani imo ndani ya mishipa. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni nilisimama kando ya mashine siku moja, gesi ikija kwa bomba jembamba kutoka upande wa pili wa ukuta, mara mgonjwa akashikwa na kikohozi na barakoa ikamtoka usoni. Fundi hakumlaumu. Alitazama saa ya ukutani, akanyanyua simu, akawaambia wa siklotroni watengeneze nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa inakufa huku tukiitazama.

Kinachopatikana kwa taabu yote hiyo ni sehemu ya oksijeni ambayo ubongo huichomoa kutoka kwenye damu inayopita; nitaiita mchomoo. Kwa kawaida ni kama asilimia 40. Ateri kubwa ya shingoni ikiziba, mishipa midogo iliyo mbele yake hutanuka kwanza ili kulinda mtiririko. Mtiririko ukizidi kushuka hata hivyo, ubongo huanza kuikamua damu kidogo inayofika, na kiwango hicho chaweza kupanda hadi kuvuka asilimia 80.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1985 utafiti mkubwa wa kimataifa ulionyesha kuwa upasuaji wa kuunganisha ateri ya nje ya fuvu na ateri ya ndani haukupunguza kiharusi. Wakosoaji wakasema: mmewapasua hata wasiohitaji, wachagueni wale ambao ubongo wao una njaa ya oksijeni kweli. Hoja ilikuwa na nguvu, na mwaka 1998 watafiti wa St. Louis, Marekani, wakathibitisha kwa oksijeni-15 kwamba wagonjwa wenye mchomoo uliopanda wamo hatarini zaidi kupata kiharusi. Basi ukaandaliwa utafiti mpya, wagonjwa 195 wakagawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Katika miaka miwili, kiharusi cha upande ule ule kiliwapata asilimia 21 ya waliopangiwa upasuaji na asilimia 22.7 ya waliotibiwa kwa dawa tu. Ndani ya siku 30 za mwanzo tofauti ilikuwa kali: asilimia 14.4 upande wa upasuaji, asilimia 2 upande wa pili. Picha haikusema uongo. Iliulizwa nani yumo hatarini, ikajibu vizuri. Haikuulizwa kama kisu kitamfaa mtu huyo, nasi tulikuwa tumekwisha kudhani kwamba imejibu.

Dawa ya pili, fluoromisonidazoli yenye fluorini-18, haijishughulishi na damu. Huingia ndani ya seli na kupokea elektroni. Oksijeni ikiwapo, huinyang'anya elektroni hiyo, na dawa hutoka ilivyoingia. Isipokuwapo, dawa huendelea kubadilika hadi ikanasa kwenye protini za seli. Seli iliyokufa haina elektroni ya kutoa, kwa hiyo kinachong'aa kwenye picha ni seli iliyo hai inayokosa hewa. Watafiti wa Melbourne waliitumia miaka ya 1990 kuonyesha kwamba, kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi, sehemu ya namna hiyo huwapo hata baada ya siku moja. Lakini dawa hii hudai saa mbili au zaidi kabla picha haijasomeka, na Jeffrey Saver, daktari wa kiharusi wa Marekani, alikadiria mwaka 2006 kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa hula seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Zidisheni wenyewe. Kwa uvimbe wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, ambao seli zake zenye upungufu wa oksijeni huikaidi tiba ya mionzi, saa mbili za kungoja si kitu.

Za maabara nitazipitia upesi. Pofirini, kemikali za rangi, zenye metali ya platini au paladi, zikimulikwa, hung'aa kisha huzima, na huzima haraka zaidi pale oksijeni ilipo nyingi. Ukipima muda huo umepata kipimo cha oksijeni yenyewe, lakini mwanga haupiti fuvu la mtu kama unavyopita fuvu la panya lililokwanguliwa.

Iliyobaki ni dawa ambayo hatumchomi mtu sindano ili kumpa. Mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini isiyo na oksijeni huvutwa na sumaku na yenye oksijeni haivutwi, na mwaka 1990 mtafiti Seiji Ogawa na wenzake waliitumia tofauti hiyo kwenye MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku. Damu ndiyo dawa ya picha. Kwa watoto wenye selimundu hili ni tumaini kubwa, kwa kuwa kiharusi huwanyemelea na MRI haina mionzi. Hata hivyo, kugeuza ishara ya mashine kuwa kiwango cha oksijeni kunahitaji mlinganyo, na mmoja uliotumika sana ulitokana na damu ya ng'ombe. Kwa milinganyo ya namna hiyo, mchomoo wa oksijeni wa wagonjwa hawa ulionekana umepanda. Waliotumia mlinganyo uliotokana na damu ya selimundu walipata kwamba umeshuka.

Kwa hiyo ukiniletea picha ya mtoto wa namna hiyo, nitakuuliza kwanza mlinganyo ulitoka kwenye damu ya nani. Damu ya kuutengenezea upya tunayo hapa nyumbani. Kinachohitajika ni chupa zake, ridhaa ya wenyewe, maji yenye joto la mwili, gesi ya kupandisha na kushusha oksijeni, na saa kadhaa za MRI usiku, baada ya mgonjwa wa mwisho kutoka.