Msimlaze mgonjwa, na mzani msiuamini peke yake
Mhadhara kuhusu mwendo, misuli na uzito wakati wa kemo ya saratani ya ovari

Asanteni. Muda ni mfupi na jambo langu ni moja, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Ugonjwa wenyewe, saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya mwanamke, mnaujua, sitaurudia. Kemo yake, yaani dawa za kuua seli za saratani, pia mnaijua: wengi wanapewa dripu ya dawa mbili, karboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki 3, kwa kawaida mara 6, wengine wakianza na upasuaji, wengine upasuaji ukiingia katikati. Nilichokuja kusema nimekisema mara nyingi na nitakisema mpaka kishike. Mwanamke aliye kwenye kemo asilazwe kitandani kwa huruma, na mzani usipewe neno la mwisho juu ya mwili wake. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na mtaona kwa nini.

Nianze na mzani, maana hapo ndipo familia nyingi zinapopotea. Kabla ya kila dripu mgonjwa anapimwa uzito. Ni lazima apimwe. Dozi ya paklitakseli inapigiwa hesabu kwa urefu na uzito, na uzito unaingia pia kwenye hesabu ya kazi ya figo inayotumika kupanga karboplatini. Sisemi mzani utupwe. Nasema mzani unapima vyote kwa mkupuo: mifupa, mafuta, misuli, na maji. Na saratani hii ina tabia ya kujaza maji tumboni. Lita 1 ya maji hayo ni takriban kilo 1. Mwenye lita 5 tumboni ana kilo 5 ambazo mzani unamhesabia ni mwili wake, na si mwili wake.

Kuna mama mmoja nilimhudumia. Kadi yake ilionesha uzito uleule tangu dripu ya kwanza. Binti yake alifurahi sana, kila wakija ananiambia, "Mama hajapungua hata kidogo." Nikamwomba mama asimame kutoka kwenye kiti bila kushika popote. Akakunja mikono kifuani kama nilivyomwelekeza, akainama mbele, akainuka nusu, akarudi chini puu. Akajaribu tena, safari hii akijisukuma kwa viganja juu ya mapaja, midomo ameibana. Nikatazama suruali aliyovaa. Mapajani ilikuwa inapwaya, ukivuta kitambaa unapata mkunjo wa kujaa kiganja. Kiunoni ilikuwa imefungwa kwa kamba kwa sababu kifungo hakifiki tena kwenye tundu lake. Pete ameivua ameitia kwenye mkufu wa shingoni, maana kidoleni inadondoka. Sasa fikirini wenyewe. Miguu na mikono inakwisha, tumbo linajaa, na mzani unajumlisha vyote viwili na kutoa jibu lilelile la wiki 3 zilizopita.

Baadaye yale maji yalitolewa. Kilo kadhaa zikaondoka kwa siku moja, na binti akaingiwa na hofu kubwa, akidhani mama anamwishia mikononi. Nikamkalisha chini nikamweleza kwamba siku ile mama hakupoteza nyama yoyote. Nyama ilikwisha kuondoka taratibu katika zile wiki za furaha, wakati amelala mchana kutwa, chakula analetewa kitandani, maji ya kunywa analetewa kitandani, na akitaka hata kwenda kuchungulia dirishani anaambiwa, "Mama pumzika, usijichoshe."

Upendo huo unamdhoofisha. Samahani kwa kusema hivi mbele za watu, lakini nimeuona ukidhoofisha watu wengi mno.

Kuna utafiti uliofanywa Marekani, ukachapishwa mwaka 2007. Walichukuliwa wazee wenye afya, wasio na saratani, wasio na kemo, wakalazwa kitandani siku 10. Kila mmoja kwa wastani akapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10 tu, na wanakula vizuri! Mwanamke wa kemo ana kichefuchefu, ana upungufu wa damu, pengine ametoka kupasuliwa tumbo, halafu tunamlaza wiki nzima baada ya kila dripu. Aliyekwisha misuli anachoka zaidi, anaanguka kirahisi, na tafiti nyingi zinaonesha kwamba madhara ya dawa humwelemea zaidi. Na dawa zikimwelemea, daktari hulazimika kuahirisha dripu au kupunguza dozi. Kwa hiyo misuli ya mapaja ina uhusiano na matibabu yenyewe. Haihusu umbo wala urembo.

Basi tupime nini? Pimeni kile kiti. Kiti imara, kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegemezwa ukutani, mtu mwingine amesimama kando. Mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30, mhesabu mara ngapi amesimama wima. Andikeni. Rudieni siku ileile ya mzunguko unaofuata, yaani zile wiki 3 kutoka dripu hadi dripu, kwenye kiti kilekile. Siku ileile, nasisitiza, kwa sababu ukilinganisha siku ya nne baada ya dripu na siku ya ishirini utajidanganya. Idadi ikishuka, mwambieni daktari hata kama mzani haujasogea. Na tumbo lipimeni kwa utepe usawa wa kitovu. Tumbo likikua huku idadi ya kiti inashuka, ile hali ya mama yule ndiyo hiyo mnaiona.

Najua mtakaloniambia: "Lakini amechoka kweli, hajidekezi." Ni kweli amechoka. Uchovu wa kemo si kama uchovu wa kulima shamba au kubeba mizigo, ambao ukilala usiku asubuhi umekwisha. Huu mtu analala kwa muda wa saa 12 na anaamka nao. Kama kulala kungeuondoa, ungekwisha zamani, maana wagonjwa wetu hawajakosa kulala. Kinachoupunguza kwa ushahidi ni mwendo. Mwaka 2019 yalichapishwa mapendekezo ya jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lililoitishwa na chuo cha tiba ya michezo cha Marekani: dakika 30 za mwendo wa wastani, mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli mara 2 kwa wiki. Walikuta hayo yanapunguza uchovu, wasiwasi na huzuni, na yanamrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani wa Marekani kikaandika katika mwongozo wake kwamba daktari apendekeze mazoezi kwa mgonjwa aliye kwenye matibabu ya kuponya. Si kwamba asiyakataze tu. Apendekeze. Na kwa saratani hii yetu hasa, kule Connecticut wanawake 144 waliokuwa wamemaliza matibabu waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likaelekezwa kutembea nyumbani kwao kwa miezi 6, na afya yao ya mwili ikawa bora kuliko ya wenzao.

Dakika 30 zisiwatishe. Hakuna aliyesema ziwe za mfululizo. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni, hesabu imetimia. Anayeanza na dakika 3 ameanza. Kasi iwe ile ambayo mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Na kile kiti cha kipimo ndicho kiti cha mazoezi: simama, kaa, mara 5, pumzika, mara 5 tena. Kusukuma ukuta kwa viganja. Kuinuka kwa ncha za vidole umeshika ukingo wa meza. Havihitaji vifaa.

Mzunguko nao una sura yake, ujifunzeni. Siku ya dripu mgonjwa anakuwa amepewa deksamethasoni, dawa ya kuzuia mzio na kichefuchefu, kwa hiyo siku hiyo na inayofuata anaweza kuonekana mchangamfu kupita kiasi, hata usingizi hana. Halafu dawa hiyo inatoka mwilini, anaanguka, na maumivu ya viungo na misuli ya paklitakseli yanaingia. Siku hizo mwendo wake uwe wa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kiti hadi mlangoni, basi. Msimbembeleze kutafuta dakika 30. Wiki ya tatu ndiyo ya kujenga, na ndiyo wiki ambayo familia nyingi zinasema, "Sasa apumzike ajiandae na dripu nyingine." Hapana! Ajiandae kwa kutembea.

Nije kwenye upande wa pili wa uzito, maana wapo wanaonenepa. Deksamethasoni inaongeza hamu ya kula. Aliyetolewa ovari zote mbili, kama alikuwa bado anapata hedhi, ameingia ukomo wa hedhi kwa siku moja, na mwili unabadilika namna unavyotunza mafuta. Wengine wanagundua kwamba kutafuna kidogo kidogo kunatuliza kichefuchefu, wanatafuna mchana kutwa. Juu ya hayo hatembei. Uzito unapanda, na hapo anatokea mtu na habari ya kufunga kula, au kuacha wanga wote, au kunywa maji ya majani siku nzima. Tafadhali. Ule mwongozo wa 2022 niliousema haukupata ushahidi wa kutosha wa kupendekeza kupunguza uzito kwa makusudi wakati matibabu yanaendelea. Mtu anayejinyima chakula kwenye kemo anapunguza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo migumu kuirudisha. Mnene naye anaweza kuwa amekwisha misuli, ndani ya unene wake, na hakuna anayemshuku. Mpeni mtihani wa kiti na yeye.

Na hili la sukari kulisha saratani, naulizwa kila mahali. Seli za saratani zinatumia sukari, ndiyo. Ubongo unatumia, moyo unatumia, na usipoila kabisa ini litaitengeneza lenyewe, likitumia protini ya misuli yako. Kupunguza soda na peremende ni busara kwa mtu yeyote. Kumnyima mgonjwa chakula ili kuua uvimbe kwa njaa ni kumnyima yeye, uvimbe utachukua kilichopo.

Protini ndiyo ya kukazania. Miongozo ya lishe ya saratani inataka zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ikiwezekana kufika gramu 1.5. Mwenye kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 90. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mnaona kwamba yai la asubuhi peke yake halifiki popote. Protini iwepo katika kila mlo, hata mlo mdogo, na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Uzito wa kuhesabia ni ule usio na maji ya tumbo.

Naona naoneshwa saa. Haya yanayobaki nitayapitia mbiombio, ingawa ndiyo ya usalama.

Aliyepasuliwa tumbo asiinue vitu vizito kwa wiki 6 hivi au kama daktari wake alivyopanga. Kutembea anaruhusiwa mapema sana, mara nyingi kesho yake. Nyayo zikifa ganzi kwa sababu ya paklitakseli, avae viatu vilivyofungwa hata ndani ya nyumba, atazame nyayo kila jioni, na mazoezi ya kusimama ayafanye ameshika kitu. Ganzi hiyo aiseme kliniki, kwa sababu dozi inaweza kurekebishwa. Chembe nyeupe za damu, zile za kupambana na maambukizi, zikiwa chini, akae mbali na kumbi za mazoezi zenye watu wengi na mabwawa ya kuogelea. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini sana, asifanye zoezi la kukakamua wala lenye hatari ya kuanguka.

Joto la mwili likifika nyuzi 38, hakuna mazoezi, hakuna kusubiri asubuhi. Ni hospitali, saa hiyohiyo, na msimpe dawa ya kushusha homa kwanza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, au kifua kikichoma, ni hospitali pia: saratani hii ni miongoni mwa zile zinazogandisha damu sana. Mguu huo msiukande, msiuchue. Tumbo likisokota, akitapika kila anachomeza na hatoi hata upepo, utumbo unaweza kuwa umeziba. Hapo msihangaike na vyakula vya kulainisha choo, nendeni.

Mazoezi ya waliowekewa mfuko wa choo tumboni sitayafikia leo, yanahitaji kikao chake. Tuanze maswali. Wagonjwa wenyewe waulize kwanza, ndugu watafuata.