18 kwa 19: Wahutubiaji Weusi wa Marekani na Swali la Kubaki au Kuhama

Mabibi na mabwana, tuanze na hesabu ya kura. Agosti 1843, mjini Buffalo, jimbo la New York, wajumbe wa mkutano wa kitaifa wa watu Weusi waliombwa kuipitisha hotuba moja itoke kwa jina la mkutano. Waliokubali walikuwa 18, waliokataa 19. Mwenye hotuba alikuwa Henry Highland Garnet, mchungaji wa miaka 27 aliyetembea kwa mguu mmoja, ambaye wazazi wake walimtorosha kutoka utumwani Maryland akiwa mtoto. Miongoni mwa waliompinga alikuwamo Frederick Douglass. Huyu naye alikuwa mtoro, kwa maana ileile ya neno tunayoijua Pwani: alikimbia mwaka 1838, na siku ile ya kura bado alikuwa mali ya mtu mbele ya sheria.

Mara nyingi kura hii husimuliwa kama ugomvi wa mkali na mpole. Mimi naisoma tofauti. Naomba usiku huu mzisikilize hotuba hizi kwa sikio la mwalimu wa sarufi: sisi ni nani, ninyi ni nani, yetu ni ipi, yenu ni ipi. Mjadala wa kuhama uliowagawa watu hawa kwa nusu karne umekaa humo.

Turudi nyuma kidogo, Januari 1817, Philadelphia, kanisa la Bethel. Mwezi uliotangulia, jijini Washington, kiliundwa chama cha kuwapeleka Afrika Weusi waliokuwa huru. Rais wake alikuwa Bushrod Washington, jaji wa Mahakama Kuu na mmiliki wa watumwa. Mkutano wa Bethel ulijaza watu wapatao 3,000. Mwenyekiti, James Forten, tajiri mshona matanga ya meli, hakuwa adui wa safari za Afrika. Alikuwa rafiki wa nahodha Mweusi Paul Cuffe, ambaye mwaka 1815 alipakia watu 38 katika merikebu yake mwenyewe kwenda Sierra Leone. Forten na wachungaji waliokaa naye mbele walielekea kulikubali wazo. Likaulizwa swali: nani anataka kwenda? Kimya. Nani anapinga? Ikatoka “hapana” moja yenye nguvu, na Forten alimwandikia Cuffe akikiri kwamba hakupatikana hata mmoja wa upande wa pili. Viongozi walikwenda na rai yao wakarudi na ya watu.

Azimio lililopitishwa pale lina sentensi ya kuwekea alama: kwamba hawatajitenga kwa hiari yao na watumwa waliomo nchini. Tazama hiyo “sisi” ilivyopanuliwa. Wapiga kura wote walikuwa huru, lakini wakawaingiza ndani ya nafsi ya kwanza watu ambao hawakuwamo ukumbini wala wasingeruhusiwa kuwamo. Hoja ilikuwa ya kivitendo pia. Mtu huru akiondoka, mtumwa anabaki bila shahidi, bila pa kujificha akitoroka, bila wa kumwandikia barua. Mmiliki wa watumwa alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa tayari kulipa nauli.

Sasa turudi Buffalo. Hotuba ya Garnet iliwaelekea watumwa wenyewe, na inafungua kwa kukiri kosa: miaka yote tumekutana, tumelia juu ya hali yenu, tumewahutubia watu huru wa kila namna, ila ninyi hatujawahi kuwapelekea neno. Halafu inatoa maagizo kwa mpangilio. Nendeni kwa mabwana zenu, waambieni waziwazi kwamba mnataka uhuru. Waelezeni dhambi ya utumwa na hukumu inayowangoja. Dai lenu ni uhuru, na hakuna kingine kitakachotosha. Mkishasema hayo, acheni kuwafanyia kazi. Wakianza kuua, dhima ni yao, si yenu. Sehemu kubwa ya mpango huo ni mgomo wa wafanyakazi, ingawa kinachokumbukwa zaidi ni neno “upinzani” alilolirudia mara tatu karibu na mwisho.

Na katikati kuna aya ambayo wasomaji huiruka. Garnet anasema haiwezekani kutoka kwa kundi kama wana wa Israeli, kwa sababu Mafarao wapo ng’ambo zote mbili za bahari hiyo ya damu. Hamwezi kuhamia wote kwenye himaya ya Malkia wa Uingereza, yaani Kanada, wala kupenya Florida na Texas mkafike Mexico. Kwa hiyo mwaka 1843 huyu anayehesabiwa mkali alikuwa mtu wa kubaki. Kumbukeni hilo, tutakutana naye tena.

Wapinzani wake hawakusema kitu kimoja. Douglass alisema maneno hayo yanategemea nguvu za mwili kupita kiasi, na yeye angependa njia ya kushawishi dhamiri ijaribiwe muda kidogo zaidi. Wengine walitaka maandishi yapitie kwanza kwenye kamati yakapunguzwe makali. Hoja iliyokuwa nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ilitoka kwa mjumbe wa Cincinnati: mkipitisha haya, ninyi mtarudi makwenu New York na Massachusetts, sisi tutarudi mpakani. Cincinnati iko ukingoni mwa mto Ohio, na ng’ambo ni Kentucky, nchi ya watumwa. Miaka miwili kabla, kundi la wahuni Weupe lilikuwa limeburuta mzinga hadi mitaa ya Weusi mjini humo na kuufyatua. Yeye alikuwa akihesabu gharama ya sentensi, na nani ataletewa hesabu hiyo mlangoni.

Hapa niweke neno juu ya maandishi haya yanavyotufikia, kwa sababu wanafunzi huteleza sana hapo. Hotuba ya Garnet iliyokataliwa na mkutano haikuchapwa hadi 1848, na mwenyewe akaichapa, baada ya kuipitia. Tunasoma chapa ya 1848, si sauti ya 1843. Kisa kibaya zaidi ni cha Sojourner Truth, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani, aliyehutubia mkutano wa haki za wanawake huko Akron, Ohio, mwaka 1851. Gazeti moja lilichapa ripoti wiki chache baadaye, kwa Kiingereza cha kawaida. Miaka 12 ikapita, kisha mwanamke Mweupe aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano ule akaandika toleo lake, lenye lafudhi ya mashamba ya Kusini na swali mashuhuri linalorudiwa-rudiwa, “Je, mimi si mwanamke?” Swali hilo halimo katika ripoti ya mwanzo. Wala Truth hakuwa mtu wa Kusini: alizaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Ukitaka kumnukuu, anza na ripoti ya 1851.

Douglass yeye alijihadhari. Hotuba yake ya 5 Julai 1852, ukumbi wa Corinthian, Rochester, aliiandika kikamilifu kabla. Walihudhuria watu kati ya 500 na 600, kila mmoja akalipa senti 12 na nusu, na nakala 700 za kijitabu zikaagizwa palepale. Aliyemwalika ni chama cha akina mama wapinga utumwa, na sherehe ilikuwa ya uhuru wa taifa. Sikilizeni viambishi. Anaanza kwa adabu, “wananchi wenzangu”, anawasifu waasisi, lakini ni waasisi wenu, taifa lenu, sikukuu yenu. Mgeni wa heshima anawaondoa wenyeji taratibu kutoka kwenye “yetu” bila hata kupandisha sauti. Halafu anafungua Zaburi ya 137, ya mateka wa Babeli walioombwa waimbe wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni, na ukumbi unatambua kwamba yeye ndiye aliyeombwa aimbe.

Ufundi wake ninaoupenda zaidi ni ule wa kukataa kubishana huku akibishana. Anauliza: mnataka nithibitishe kwamba mtumwa ni binadamu? Sitathibitisha, mmeshakubali wenyewe. Virginia ina makosa 72 ambayo Mweusi akiyatenda hunyongwa, ilhali katika hayo Mweupe hunyongwa kwa mawili tu. Sheria inayomhukumu mtu imekiri kwamba ana akili na dhamana. Na majimbo ya Kusini yana sheria za kuzuia mtumwa asifundishwe kusoma. Nionyesheni sheria kama hiyo kuhusu wanyama wa kondeni, ndipo nitakubali kujadili. Hakusoma takwimu kupamba hotuba. Namba 72 ndiyo hoja yenyewe.

Kilichoufanya mwaka 1852 uwe mchungu ni sheria ya watoro ya Septemba 1850, iliyoruhusu watoro wakamatwe hata katika majimbo huru ya Kaskazini. Kamishna aliyeamua kwamba aliyekamatwa ni mtumwa alilipwa dola 10. Akiamua ni huru, dola 5. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitolea ushahidi wala kuhukumiwa na baraza la wazee wa mahakama. Aliyemficha alitozwa faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi miezi sita. Maelfu wakavuka kwenda Kanada, wengine wameishi Kaskazini miaka na miaka. Hoja ya Bethel, kwamba tubaki tuwe kimbilio la ndugu zetu, ikaanza kuvuja: kimbilio gani lisiloweza kujilinda lenyewe?

Mary Ann Shadd alihamia Kanada mwaka 1851, na mwaka uliofuata akatoa kijitabu cha kuwashawishi wengine. Ni maandishi makavu kwa makusudi: udongo ukoje, mazao gani yanakubali, ardhi inauzwaje, mishahara, bei, hali ya hewa, haki ya kupiga kura. Hakuna machozi. Alijua hofu ya mhamiaji ni njaa na baridi kabla ya falsafa. Oktoba 1855 alifika kwenye mkutano wa kitaifa wa Philadelphia, na wajumbe wakajadili kwanza kama mwanamke, tena mkazi wa Kanada, apewe kiti. Akapewa. Alipopanda jukwaani na muda wake kwisha, ukumbi uliokuwa na wapinzani wengi wa kuhama ulimwongezea dakika 10.

Martin Delany alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1852 aliandika kwamba Weusi wa Marekani ni taifa ndani ya taifa. Yaani “sisi” yake haikuhitaji tena kumezwa na ya Wamarekani. Agosti 1854 aliitisha mkutano wa kuhama mjini Cleveland, na mwaliko wake ulikuwa na kufuli mbili: asiyekubali kuhama asije, na habari ya kuhamia Afrika isiletwe mezani. Waliruhusiwa kuzungumzia Kanada, visiwa vya Karibi, Amerika ya Kati na ya Kusini. Douglass alikasirishwa na mkutano wa namna hiyo, na nadhani alikuwa na haki kwa hiyo kufuli ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya werevu: neno Afrika lilikuwa limeshikwa na kile chama cha 1816, na aliyelitamka alionekana mtu wao. Baadaye Delany aliandika kwamba Afrika ilikuwa moyoni siku zote.

Desemba 1859 akawa Abeokuta, katika nchi ya Wayoruba, akatia saini mkataba na Alake, yaani mfalme wa Waegba, na wakuu wake. Vifungu vyake vinapasa kusomwa polepole. Wageni watakaa pamoja na Waegba kwenye ardhi isiyokaliwa. Hakuna neno la kuuziwa. Mashauri ya wageni wenyewe wataamua kwa desturi zao. Shauri likiwa la pande mbili, litaamuliwa na tume yenye idadi sawa. Sheria za Waegba ziheshimiwe. Mkataba ulikufa kwa sababu mbili. Uingereza iliichukua Lagos mwaka 1861, na wakuu, wakishinikizwa na wamisionari na maofisa wa Kiingereza, wakaukana. Nyumbani nako vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikawa vimeanza.

Wakati huo Garnet, yule wa Mafarao wa ng’ambo mbili, alikuwa ameshaanzisha mwaka 1858 chama chake cha ustaarabu wa Afrika, cha kulima pamba huru ishindane na ya watumwa. Hapo sisi wa Pwani tuinue sikio. Merikani, kile kitambaa cha pamba kilichovaliwa Zanzibar na bara, ilifumwa Massachusetts, na mabaharia wa Salem ndio walioileta. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini. Sarah Parker Remond, Mweusi mzaliwa wa Salem hiyohiyo, aliwaambia watu wa Manchester mwaka 1859 kwamba katika fedha zote za pamba yao, hata senti moja haikufika mkononi mwa aliyeichuma.

Haiti ndiyo iliyojaribiwa kwa meli na watu. Mwaka 1863, kwa baraka za serikali ya Rais Lincoln, watu 453 walipelekwa kisiwa cha Île-à-Vache. Mkandarasi aliwapeleka bila nyumba kuwa tayari, wengi wakafa kwa maradhi, na mwaka uliofuata serikali ikatuma meli kuwarudisha walionusurika.

Douglass naye, mpinzani wa kuhama wa miaka 20, mwezi Aprili 1861 alikuwa amefunga mizigo kwenda Haiti kuangalia, yeye na binti yake. Makala ya kuwaeleza wasomaji sababu za safari ilikuwa imeshapangwa herufi kwa herufi katika kiwanda cha chapa pale Ngome ya Sumter iliposhambuliwa na vita hivyo vikaanza. Hakuivunja makala. Aliiacha kama ilivyo, akaongeza chini yake kwamba tangu maneno haya yapangwe, hali imetulazimu kuahirisha safari kwa sasa. Toleo likatoka hivyo Mei 1861, safari na maahirisho kwenye makala moja.