Klachi Iliyoganda: Kabla ya Kutenganisha Trekta

REHEMA: Karibuni tena. Trekta limelala msimu mzima. Injini inawaka vizuri, lakini ukikanyaga klachi, gia zinasaga na kukataa kuingia. Fundi Juma, shida iko wapi?

JUMA: Mara nyingi ni kutu, dada. Sahani ya klachi inabanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, na preshapleti, bamba linaloikandamiza sahani; chuma pande zote mbili. Unyevu ukikaa humo, sahani inagandia flaiwili. Ukikanyaga pedali, preshapleti inarudi kama kawaida, ila sahani bado inazunguka na injini.

REHEMA: Kumbe mguuni hutasikia tofauti.

JUMA: Hutasikia. Ila anza na marekebisho. Pedali ina nafasi ya kutosha ya kucheza? Fimbo za kuvuta klachi zimelegea? Kama ni ya haidroliki, mafuta yapo? Inauma sana kuona trekta limetenganishwa katikati ili kuifikia klachi, kumbe ni nati ya kukaza tu.

REHEMA: Na ikiwa ni kutu kweli?

JUMA: Kwanza injini ipate moto gia ikiwa huru. Joto hilo wakati mwingine linatosha. Likishindwa, toa zana ya nyuma, nenda uwanja mpana, tambarare, usio na mtu. Unganisha pedali mbili za breki; ukikanyaga moja peke yake trekta litageuka ghafla. Zima, ingiza gia ya mwendo wa kati, kaa kitini, kanyaga klachi mpaka chini, piga stata. Litaondoka, ujue hilo mapema! Mguu ubaki kwenye klachi. Ongeza kasi ya injini, punguza, gusa breki, rudia. Mvutano huo ndio unaoibandua sahani.

REHEMA: Mengine hayakubali kuwaka gia ikiwa imeingia.

JUMA: Basi acha. Nakuomba, usiunganishe stata kwa waya ukiwa umesimama chini. Trekta likiwaka ndani ya gia linakupitia juu, na watu wamekufa hivyo. Afadhali ushikilie pedali chini kwa gogo siku kadhaa, ujaribu tena, au umwite fundi.

REHEMA: Vipi kupulizia mafuta ya kulegeza kutu?

JUMA: Kwenye klachi kavu, hapana. Sahani ikilowa mafuta, itateleza hata ikibanduka.

REHEMA: Tuzuieje mapema?

JUMA: Ukiliweka muda mrefu, acha pedali ikiwa chini. Matrekta mengine yana ndoano ya kazi hiyo; kama halina, kata gogo likae kati ya pedali na fremu ya kiti. Sahani ikiwa huru, haina cha kugandia. Liweke pakavu, na usielekeze maji ya presha kwenye kava ya klachi. Ukiweza, liendeshe kila baada ya wiki chache, ukikanyaga klachi mara nyingi.

REHEMA: Hata yenye klachi inayoogelea ndani ya mafuta?

JUMA: Hayo hayahitaji gogo. Angalia kitabu cha trekta lako kwanza.