Sifa ya Nchi Huanzia Getini

Ndugu zangu wa Kigoma, habari za jioni.

Tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda tulipopewa uenyeji wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, wimbo ni mmoja: dunia nzima itatutazama. Kweli itatutazama. Ila mgeni haoni zulia la sebuleni tu, huomba na choo.

Chukueni Kameruni. Ilipokonywa AFCON ya 2019 kwa kuchelewa maandalizi, ikapewa ya 2021, iliyochezwa Januari 2022. Ikajenga uwanja wa Olembe, Yaoundé, wa watu 60,000. Januari 24, mechi dhidi ya Komoro, geti lililotakiwa kuwa wazi likawa limefungwa. Watu 8 wakafa kwenye msongamano, na robo fainali ya pale ikahamishwa. Usiku huohuo Komoro, hawana kipa hata mmoja, walimsimamisha golini beki wao wa kushoto, Chaker Alhadhur. Wakafungwa 2-1, na ndio walioondoka na mapenzi ya dunia. Wenyeji wakabaki na matanga.

Sasa hesabu za geti, maana hapa ndipo wengi hupaparika. Geti la kuzunguka, la mtu mmoja mmoja, kwa mwongozo wa usalama viwanjani wa Uingereza halihesabiwi zaidi ya watu 660 kwa saa. Uwanja wa watu 30,000 unataka mageti 46 ili wote waingie ndani ya saa moja. Ukiwa na 23, ni saa mbili, na watu wetu tunawajua: wanafika mpira unakaribia kuanza. Mashine moja ya tiketi ikigoma, foleni yake inahamia kwa jirani. Wa nyuma akisikia shangwe za goli anasukuma, hajui wa mbele kabeba mtoto. Mabomu ya machozi hayatibu hilo. Tiketi ikaguliwe kwanza mbali na geti, asiye nayo aishie hukohuko. Kasarani, uwanja wa Nairobi, kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mageti yalivamiwa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya watazamaji.

Qatar nayo, ilipojiandaa kwa Kombe la Dunia la 2022, kamera zilizoitwa kwa ajili ya viwanja ziliingia hadi kwenye mabweni ya vibarua. Mwaka 2020 ikabadili sheria, mfanyakazi akaweza kuhama mwajiri bila kibali chake.

Na sisi huku, tusio na mechi? Tuna bandari. Shabiki wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, ataionja Tanzania kwanza kwenye dirisha la uhamiaji la Kigoma. Cheti cha homa ya manjano huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akapanda boti Jumatano atakwama, hata cheti chake kiwe kipya namna gani. Tangazo lifike ng'ambo wiki tatu kabla, kwa Kiswahili na Kifaransa, na dirishani akae mtu anayejua kueleza bila kufoka. Huyo mgeni bado ana kilomita 1,254 za reli mpaka Dar.